Kijana wako hajakosea mwalimu, hewa imo darasani hata ukisema tuipuuze

Marahaba mwalimu, ugonile. Swali lako ntalirudia kidogo ili na wengine wajue tunaongelea nini. Unafundisha fizikia kidato cha pili huko Rungwe, ukawaambia wanafunzi kwamba kitu kizito na kitu chepesi vikiachiwa pamoja vinatua pamoja, kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyanyuka, akachana karatasi kwenye kauntabuku lake akaviachia vyote viwili, kauntabuku likatua puu, karatasi bado inayumba hewani kama mtu katoka kilabuni, darasa likaangua kicheko na wewe umebaki na chaki mkononi. Maabara huna, pampu ya kutolea hewa ndo usiseme, na unauliza utawafundishaje ukinzani wa hewa wakuelewe bila kuonekana unajitetea.

Pole kwanza. Ila yule kijana hajakosea, aliyekosea ni wewe, na usijisikie vibaya maana mimi nilikosea hivyo hivyo na mbaya zaidi. Mwaka wangu wa kwanza kazini, shule moja huko Iringa yenye jengo la ghorofa, nilipanda juu na jiwe mkono mmoja na mkono mwingine mpira wa plastiki wa watoto, ile myepesi ya rangi rangi, nikawapanga wanafunzi pembeni kule chini nikawaambia tegeni masikio mtasikia mlio mmoja. Nikaachia. Ikasikika milio miwili, jiwe likatangulia waziwazi kabisa, na mimi kwa ujinga wa ujana nikawaambia hamjasikiliza vizuri. Nikarudia, ikawa vile vile. Binti mmoja akauliza kwa upole tu, "mwalimu, sasa tuandike tulichoona au ulichosema?" Sikuwa na jibu siku ile.

Shida yetu ni kwamba tunaingia kwenye darasa lililojaa hewa halafu tunaanza na sheria ya mahali pasipo na hewa. Mtoto tangu azaliwe kila alichokiona kikianguka, parachichi, jani la mparachichi, manyoya ya kuku siku ya kuchinja, kimeanguka ndani ya hewa, sasa ukimwambia vyote vinaenda sawa anakuandikia kwenye mtihani ili apite, moyoni hakuamini. Kwa hiyo geuza mpangilio. Anza na hewa, waione, waipime, wazoee kwamba ni kitu chenye nguvu, ndo baadaye uiondoe.

Waulize nani amepanda bodaboda. Wote. Ikiwa inatembea kilomita 20 kwa saa upepo unausikia usoni kawaida tu, ikifika 40 koti linaanza kupiga makelele na abiria anajikunja nyuma ya mgongo wa dereva. Hapo umeshapata mambo mawili bila kuandika fomula yoyote. Moja, hewa inasukuma zaidi kadri kasi inavyopanda, na haipandi kidogo kidogo, kasi ikiwa mara mbili msukumo unakuwa kama mara nne. Pili, ukijikunja unapungua eneo lako, inakusukuma kidogo. Kasi na eneo, basi. Umbo nalo lina neno lake lakini hilo liache kwanza usiwachanganye.

Sasa rudi kwenye kauntabuku la yule kijana, na hapa nakuomba utumie muda, usikimbie, maana ndo kiini cha somo lote. Karatasi moja ya kauntabuku ina uzito wa kama gramu 4, yaani dunia inaivuta kwa nguvu ya nyutoni 0.04 hivi, nyutoni ndo kipimo cha nguvu. Kauntabuku zima tuseme nusu kilo, nyutoni 5. Karatasi ile ikishuka imelala bapa kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde, ambayo ni mwendo wa mtu anayetembea taratibu, hewa inaisukuma kwenda juu kwa nguvu ya karibu nyutoni 0.04 hiyo hiyo. Unaona? Uzito wake wote umeshalipwa. Haiwezi tena kuongeza kasi, na hapo haijashuka hata shibiri moja toka mkononi. Kauntabuku nalo kwa kasi hiyo hiyo na eneo lile lile linapata msukumo ule ule wa nyutoni 0.04, ila kwa mwenye nyutoni 5 hiyo ni chini ya asilimia 1, hata haishtuki. Hewa haikuipendelea karatasi. Imewatoza wote wawili nauli sawa, mmoja alikuwa na elfu tano na mwingine alikuwa na arobaini tu mfukoni.

Mfano huo wa nauli wameushika wanafunzi wangu wengi kuliko maelezo yangu yoyote ya ubaoni. Na ukishaueleza unaona kwa nini wanaosema kitu kizito kinaanguka haraka hawajakosea kabisa. Ndani ya hewa, vitu viwili vya ukubwa na umbo moja, kizito kinatangulia. Ndivyo ilivyo. Wanachokosea ni kudhani dunia ndo inakipendelea kizito, wakati ni hewa inayomwelemea mwepesi. Hebu hilo lisemwe darasani kwa sauti, maana mtoto akisikia kwamba macho yake hayakumdanganya anatulia na kukusikiliza.

Halafu fanya jaribio la karatasi juu ya kauntabuku. Kata karatasi iwe ndogo kidogo kuliko jalada ili kingo zisichungulie nje, ilaze juu, shika kauntabuku bapa kwa mikono miwili, achia. Vitashuka pamoja mpaka sakafuni kama vimegandishwa. Watashangaa, na atatokea mbishi atakwambia kauntabuku limeivuta karatasi au hewa imeikandamiza. Usimkatishe. Mwambie kauntabuku limeipasulia karatasi njia, kama unavyotembea nyuma ya mwenzio kwenye majani marefu asubuhi, umande wote anaupata wa mbele. Kisha finya karatasi nyingine iwe donge kama la sabuni uiachie sambamba na kauntabuku, uzito haujabadilika hata chembe, eneo ndo limepungua, na kutoka urefu wa kichwa chako hawataona nani katangulia. Mbishi atanyamaza. Funga madirisha kwanza lakini, upepo wa huku mnaujua wenyewe, na vioo vikiwa vimevunjika hamia kwenye kona ya ukuta.

Sasa kupima. Nenda duka lolote linalouza vifaa vya keki uulize vile vikaratasi vya kuokea keki ndogo, vyenye mikunjo mikunjo pembeni, pakiti moja inatosha vidato vyote. Hivi ndo vifaa bora vya somo hili na nashangaa havipo kwenye kila ofisi ya fizikia. Kikiachiwa mdomo ukiangalia juu kinashuka wima, hakiyumbi kama karatasi bapa, na kinafikia kasi yake ya mwisho haraka sana kisha kinaendelea nayo hivyo hivyo mpaka chini. Uzuri mwingine ni kwamba ukivipachika vinne kimoja ndani ya kingine umeongeza uzito mara nne bila kugusa eneo wala umbo. Waulize kabla hujaachia, vinne vitaenda haraka mara ngapi? Darasa litasema mara nne. Kutoka urefu wa mita 3 hivi, simama juu ya meza imara, utakuta muda umepungua kuwa karibu nusu tu, yaani kasi imekuwa mara mbili, sio mara nne. Warudishe kwenye bodaboda: kasi mara mbili, msukumo mara nne, na uzito mara nne unahitaji msukumo mara nne ili ulipwe. Imekaa.

Wasiokuwa na stopwachi wafanye hivi: mmoja ashike vinne kwenye mita 3, mwenzie ashike kimoja kwenye mita moja na nusu, waachie kwa pamoja. Vitatua karibu kwa wakati mmoja. Nimesema karibu kwa makusudi, vinne vitachelewa kidogo sana kwa sababu vyenyewe vinatumia muda zaidi kufikia kasi yao, ukiwaahidi sawa sawa kabisa utarudi kwenye yale yangu ya ghorofani. Wengine hupenda kujaribu na tisa wapate kasi mara tatu, hesabu ni nzuri ila urefu wa darasa hautoshi, tisa vinafika chini bado vinaongeza kasi.

Una simu yenye kamera? Basi una maabara. Chora ubaoni mistari ya mlalo kila sentimita 10 kuanzia juu mpaka chini, rekodi video ya jiwe dogo likianguka mbele ya ubao, simu iwe imesimamishwa kwenye dawati isitikisike. Video ya kawaida ina picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo ukisogeza picha tatu tatu umesogeza sehemu moja ya kumi ya sekunde. Waambie wanafunzi waweke alama jiwe lilipo kila baada ya picha tatu. Watakuta limeshuka kama sentimita 5, halafu 15, halafu 25, halafu 35. Moja, tatu, tano, saba! Hizo namba witiri Galileo, yule mwanasayansi wa zamani wa Italia, alizipata kwa kuviringisha mipira kwenye ubao ulioinama na kupima muda kwa maji yanayochuruzika, na mwanafunzi wako wa Rungwe anazipata kwa tekno yenye kioo kimepasuka. Sasa rekodi kikaratasi cha keki. Mwanzoni nafasi zinaongezeka kidogo, halafu zinalingana, kumi na kitu, kumi na kitu, kumi na kitu mpaka chini. Wakishaona nafasi zinalingana hapo ndo uandike ubaoni kasi ya ukomo, ile wanayoisoma kwenye notisi kama teminali velositi, sio kabla.

Hapo ukomo pana mtego na utakutana nao tu. Ukisema uzito na ukinzani vimelingana kwa hiyo nguvu kwa ujumla ni sifuri, nusu ya darasa itakwambia basi kitu kimesimama. Usiwapigie kelele, ni kosa la kawaida kabisa. Rudi kwenye bodaboda, dereva kwenye barabara tambarare kavuta mafuta mpaka mwisho, pikipiki ikafika kasi fulani ikagoma kuongeza. Injini inasukuma mbele, hewa na msuguano vinasukuma nyuma, vimelingana, na pikipiki inatembea vizuri tu na abiria kashika kofia. Nguvu zikilingana kinachosimama ni kuongezeka kwa kasi. Hali kadhalika na askari wa miamvuli, kabla hajafungua mwamvuli akiwa amelala kifudifudi anashuka kama mita 55 kwa sekunde, karibu kilomita 200 kwa saa, akifungua anapunguzwa mpaka kama mita 5 kwa sekunde. Kwenye video anaonekana karuka kwenda juu, ni uongo wa kamera, aliyeshika kamera bado anashuka kwa kasi ya zamani.

Na wewe uko Rungwe, sehemu ambayo mvua yake ni zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, usiende kutafuta mifano mbali. Tone likitoka wingu la kilomita 2 juu bila hewa ya kulizuia lingefika chini na mita 200 kwa sekunde hivi, zaidi ya kilomita 700 kwa saa, wape waikokotoe wenyewe kwa fomula waliyonayo. Kusingekuwa na mgomba wenye jani zima kuanzia Tukuyu mpaka Kyela. Kwa sababu hewa ipo, tone kubwa la milimita 5 linatua na kama mita 9 kwa sekunde, na manyunyu ya nusu milimita kama mita 2 tu. Hapo hapo wanaona tena kikubwa kinashuka haraka kuliko kidogo, na safari hii umbo linakaribiana. Tone likikua kipenyo mara mbili eneo linakuwa mara nne lakini uzito unakuwa mara nane. Ukungu wa asubuhi nao ni matone ya maji, madogo mno, yanashuka polepole kiasi kwamba unadhani yamening'inia.

Kuna kitu kingine nakipenda sana na huku nyanda za juu tumejaaliwa. Mbegu ya msindano. Ukipita Mufindi kwenye msitu wa Sao Hill, au hata pale kwenye vile viwanja vya shule vilivyopandwa misindano, okota koni ambayo haijafunguka, ianike juani siku kadhaa mpaka magamba yapanuke, itikise juu ya gazeti. Zitadondoka mbegu ndogo, kila moja ina ubawa mmoja mwembamba kama ubawa wa kumbikumbi. Rusha juu. Inaanza kuzunguka kama feni, vrrr, inashuka taratibu unaweza kuifuata kwa kidole. Sasa bana ubawa kwa kucha uuchomoe, iachie mbegu tupu, inaanguka kama punje ya mchele. Ubawa wenyewe uzito wake ni kama hakuna, lakini ukizunguka unafagia duara lote, hewa inaukuta mkubwa kuliko ulivyo. Mti umefanya hivyo ili mbegu ikae hewani muda mrefu upepo uisogeze mbali na mama yake. Msimu mwingine tumia jakaranda, lile tunda lake bapa gumu kama kasha ukilipasua ndani kuna mbegu zenye utando mwembamba unaopitisha mwanga, nazo zinaelea vizuri. Wape kila kikundi mbegu tano na mkasi, watatengeneza na za karatasi wenyewe bila kuambiwa. Miamvuli midogo ya kuangusha darasani siku hizi nayo inasumbua kidogo, zamani tulikuwa tunakata rambo, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 mimi hutumia ile nailoni ya kufunikia madaftari, inafanya kazi.

Wakishafika hapo, somo la pili au la tatu, ndo mlete Galileo. Habari kwamba aliangusha vitu toka juu ya mnara wa Pisa iliandikwa na mwanafunzi wake Viviani na wanahistoria wengi wana mashaka nayo, lakini kwenye kitabu chake Galileo cha mwaka 1638 kuna jambo zuri kuliko mnara: amekiri kabisa kwamba mpira mkubwa na mdogo vikiachiwa toka juu sana havitui sawa sawa, mkubwa unatangulia kwa upana wa vidole viwili. Hakuficha vile vidole viwili. Alichosema ni kwamba tofauti hiyo ndogo ni ya hewa, na ukizidi kuipunguza hewa, tofauti nayo itazidi kupungua. Halafu Agosti 2, 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 akasimama mwezini, mkono mmoja nyundo ya zaidi ya kilo moja, mwingine unyoya wa kozi, akaachia vyote mbele ya kamera. Vikatua pamoja. Video yake ipo, ipakue nyumbani kabisa usitegemee bando la shuleni.

Na hapo kwenye mwezi kaa macho, kuna mtoto atakwambia mwezini hakuna hewa kwa hiyo hakuna uvutano. Mwonyeshe nyundo imeanguka, kama hakuna uvutano ingeanguka vipi? Inaanguka polepole kwa sababu uvutano wa kule ni kama moja ya sita ya wetu, hewa haihusiki.

Kuhusu mtihani usiwe na wasiwasi. Swali likisema puuza ukinzani wa hewa, wanafunzi wapuuze, watumie mchapuko wa uvutano wa 9.8 au 10 kama walivyoelekezwa. Lakini wafundishe kujiuliza lini ni halali kupuuza. Chukua chupa mbili za maji za lita moja na nusu, moja imejaa, nyingine theluthi tu, ziachie kutoka urefu wa mita 2, hakuna jicho litakaloona tofauti, kwa hiyo hapo kupuuza ni sawa. Kikaratasi cha keki, hapana. Kwa wale wanaojiweza wape na hili la kutafuna: Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa kama asilimia 15, sasa kikaratasi kile kile kitashuka haraka zaidi wapi? Huku kwetu, kwa kama asilimia 8, na sababu ya kutofika 15 ni ile ile ya mara mbili na mara nne. Kwa stopwachi ya kidole hawataiona hiyo tofauti, wakokotoe tu.

Jumatatu ukiingia anza na yule kijana wa nyuma. Mwite mbele na kauntabuku lake lile lile, mwambie safari hii karatasi aiweke juu, na kabla hajaachia darasa zima lipige kura kwa kunyoosha mikono, uandike idadi pembeni ya ubao, usiifute mpaka kipindi kiishe.